Mabati ya Wasini

Wageni wengi wanaovushwa kwenda Wasini hulalamikia mabati. Walitarajia makuti, kama yale ya mahoteli ya Diani, na wanachokikuta ni mapaa ya bati, mengine yameshika kutu, basi wanapiga picha huku wakiyakwepa. Wangeuliza wangeambiwa. Makuti yana kivuli kizuri, lakini mvua ikipita juu yake hutiririka na rangi ya chai, pamoja na vumbi na kinyesi cha mijusi. Kwenye bati maji hushuka safi. Na Wasini, kisiwa ambacho chote ni mwamba wa matumbawe ya kale, hakina kijito wala kisima cha maji matamu. Ukichimba unakutana na chumvi. Paa la bati ndilo shamba la mwenye nyumba, na mavuno yake ni mara mbili kwa mwaka, mvua ya masika na ile ya vuli.

Mimi nimezaliwa Pwani, na bado ilinichukua muda kuelewa kwamba nusu ya adabu za kisiwa kile zimetokana na uhaba huo.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita tano kwa urefu, na upana wake mtu huukata kwa miguu bila kutoka jasho jingi. Kiko kusini kabisa mwa kaunti ya Kwale, mkabala na Shimoni. Kutoka Ukunda unashika barabara ya Lungalunga, unapita Msambweni na Ramisi, na njia panda ya Kanana unakata kushoto kuelekea baharini. Shimoni watu husimama kuona mapango ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, watumwa walizuiliwa wakisubiri majahazi, na majengo yaliyobaki tangu siku za Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake mwaka 1888. Hayo yamekwisha kuandikwa sana. Kutoka jetini hadi ng'ambo ni dakika chache za mashua, na ukishashuka umeyaacha magari.

Wanaokuja kwa nusu siku hudhani Wasini ni kijiji kimoja. Viko viwili vikubwa, na watu wake hawakubali kuchanganywa. Upande wa magharibi, Wasini yenyewe, ni kwa Wavumba, ndugu wa watu wa Vanga na Jimbo, na Kivumba chao Mmombasa hukisikiliza kwa kutega sikio. Mashariki ni Mkwiro, kwa Wachifundi, ambao jamaa zao wako Shimoni, Funzi na vijiji vya mwambao hadi karibu na Gazi. Njia kati ya vijiji hivyo hupita juu ya mawe makali na vichaka vya miiba, chini ya mibuyu. Ukitoka huku unaambiwa kule watu ni wachoyo. Ukifika kule unakaribishwa kwa wali na kuambiwa walio wachoyo ni wale uliotoka kwao. Huo ni utani. Wanaozeshana na wanazikana.

Wavumba wana kumbukumbu ndefu. Wazee wao walikuwa na mji, Vumba Kuu, karibu na Vanga, uliotawaliwa na madiwani. Diwani alisimikwa kwa ada zake, kwa ngoma na siwa, na baadaye utawala ukaingia katika ukoo wa masharifu. A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza aliyekaa Pwani, alichapisha habari za Vumba mwaka 1900, na hadi leo watafiti huanzia kwake. Kijijini Wasini pana magofu na makaburi ya kale, na kaburi la mnara lililopachikwa vipande vya kaure. Watoto hucheza hapo. Mzee aliyenitembeza hakuwafukuza. Aliwaambia tu wasikanyage kichwani pa kaburi, wakasogea.

Turudi kwenye maji. Njia za kuyapata nilizozikuta ni tatu. Ya kwanza ni paa: milizamu ya bati huyateremsha hadi kwenye tangi au birika la nyumba, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi huachwa ipotee ili ioshe vumbi. Ya pili ni jabia, sakafu pana ya saruji iliyoinamishwa ili mvua inayoiangukia ikimbilie kwenye birika lililofunikwa; hilo ni la watu wote. Ya tatu ni kuvusha kutoka Shimoni, mitungi ya plastiki ya lita 20 ikiwa imepangwa mashuani kama abiria, na kila mtungi una nauli yake.

Kwa hiyo maji hayamwagwi. Niliona mama mmoja akiosha vyombo vya mchana. Sufuria ya wali aliipeleka ufukoni, akaisugua kwa mchanga na maji ya bahari mpaka masizi yakatoka, kisha akarudi nayo uani na kuisuuza kwa kata mbili za maji matamu. Maji hayo ya kusuuzia hakuyamwaga. Aliyatia kwenye ndoo ya pembeni, na jioni mwanawe akayapeleka kwenye mche wa mpapai. Hakuna aliyenieleza jambo hilo kana kwamba ni la ajabu, na mimi sikuuliza. Lilikuwa likifanyika huku tukizungumzia bei ya mafuta taa.

Nilichouliza ni habari za arusi. Mama huyo alicheka.

“Sasa mwanangu, ualike watu mia mbili katikati ya kaskazi, birika limebaki tope, watanawa kwa nini?”

“Basi mnangoja mvua?”

“Tungengoja kama miezi yetu ingengoja.”

Alikuwa na maana ya miezi ya Kiislamu, ambayo hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka na haijali kusi wala kaskazi. Mfungo mosi, mwezi unaopendwa kwa arusi, huangukia msimu wa mvua miaka fulani, na miaka mingine huangukia ukame. Ikiwa ukame, upande wa bwana arusi hubeba gharama ya mashua ya maji kama unavyobeba ya mchele. Jirani aliyekosa cha kuchangia huleta mtungi mmoja, na mtungi huo hupokelewa kwa heshima ileile ya mbuzi. Mambo mengine ya arusi ni yale ya Pwani nzima: posa, mahari, hina na piko kwa bibi arusi, nikahi msikitini, wanawake na vugo lao usiku. Hayo nisiyarefushe.

Mgeni naye anaingia katika hesabu hiyo. Ukibisha hodi na kukaribishwa, kitu cha kwanza utakachopewa ni maji ya kunywa, kwenye bilauri iliyofunikwa kisahani. Yanywe yote. Nimewaona Wanairobi wakionja kidogo na kuacha, kwa kuogopa tumbo, na mwenyeji akikaa kimya akiitazama bilauri. Kama unaogopa, afadhali ukatae mapema kwa kusema umefunga au umetoka kunywa; hapo hakuna aliyeudhika wala maji yaliyoharibika.

Wanawake wa Wasini wana mradi wao nyuma ya kijiji: njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya bustani ya matumbawe. Ni mawe ya kale ya bahari yaliyobaki nchi kavu, yamechongwa na mawimbi yakawa na maumbo ya kila namna, na katikati yake mikoko imeota. Bamvua ikija, maji ya bahari huingia hadi chini ya mbao. Kiingilio kinachokusanywa huenda kwenye karo za shule na matibabu. Pale mlangoni nilishuhudia jambo lililonifundisha kuliko mawe yenyewe. Msichana wa Kizungu alikuja moja kwa moja kutoka mashuani na nguo ya kuogelea. Mama aliyekaa na kitabu cha risiti hakumkemea, wala hakumwonyesha kibao. Aliinuka, akachukua leso kwenye kiti, akamfunga kiunoni kama anavyofungwa binti anayekwenda kwenye maulidi, akamwambia kwa Kiingereza chake cha mkato kwamba amependeza. Msichana akafurahi, akapiga picha, akaingia. Leso ikarudishwa wakati wa kutoka.

Wadigo wa Kinondo, kusini kidogo ya Diani, wana ada ya aina hiyohiyo. Kaya Kinondo ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni haingii kabla ya kufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Ndani hatakiwi kuchuma jani wala kuokota kijiti, na wapenzi hawabusiani. Nusu saa kabla ya hapo mtu huyohuyo alikuwa kando ya bwawa la kuogelea, hakuna aliyemwambia lolote. Kwenye kaya anavishwa na anatii. Nadhani watu wa hoteli zetu wamekosea walipodhani mgeni anataka kuachiwa afanye apendavyo. Wengi, wakivishwa kwa upole, hutulia.

Bahari ya nje ya Wasini ndiyo inayowaleta wageni, kwa hiyo siwezi kuiruka. Hifadhi ya Kisite na Mpunguti ilitangazwa katika miaka ya 1970. Kisite kuvua ni marufuku. Mpunguti uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, wa mishipi na mitego ya malema. Pomboo huonekana, kasa pia, na kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita mbali kidogo. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya Pwani yakageuka meupe na kufa, na miaka ya baadaye kikundi cha wavuvi cha Wasini kimeshirikiana na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, kupandikiza vipande vya matumbawe hai. Ng'ambo, Kibuyuni, kina mama hulima mwani: wakati wa maji kupwa huingia mpaka magotini na kufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi. Kusi likivuma, Juni hadi Agosti, vyombo vidogo hukaa pwani, wanaume hukarabati malema yao kwa fito, na bei ya samaki hupanda hata kwa mvuvi mwenyewe.

Ziara ya kawaida inakwenda hivi: mashua saa mbili asubuhi, pomboo, kuzamia Kisite, chakula cha mchana Wasini cha kaa na wali wa nazi, bustani ya matumbawe, kisha kurudi. Saa tisa alasiri wameondoka. Sina ugomvi na ziara hiyo. Inalipa watu mishahara. Ila kijiji huanza mambo yake hapo walipoondoka. Baada ya sala ya alasiri wanaume hukaa barazani na kahawa chungu, wanawake huketi uani wakisukana na kupiga soga, wavulana wanapiga mpira penye uwazi, na mtoto anatumwa kuchungulia birika lina kina gani.

Jioni moja barazani mazungumzo yalikuwa juu ya bandari ya uvuvi ambayo serikali iliamua kuijenga Shimoni. Mzee mmoja, mvuvi wa malema tangu ujana wake, hakuipenda: meli kubwa zitasumbua mkondo, na samaki hawapendi kelele.

“Ami,” akasema nahodha kijana, mtoto wa nduguye, “malema yako yalileta nini jana?”

“Changu watatu na tafi mmoja.”

“Basi.”

“Basi nini? Tumekula.”

Wengine wakacheka. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo, mmoja wa wale wa njia ya mbao, alisimama nje ya baraza bila kuketi, akasema bandari na ijengwe au isijengwe, yeye anataka kujua bomba la maji litafika lini, kwa sababu kila anayekuja kuomba kura hulileta mdomoni. Mzee akamuunga mkono kwa kichwa. Kijana mwingine akasema maji yakifika hoteli zitajaa kisiwani, na hapo ndipo watakapoujua usumbufu. Mwanamke akamwuliza kama amewahi kubeba ndoo, na mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Mimi niko upande wa mwanamke. Nimesoma makala nyingi za watalii zinazosifu kisiwa kwa kuwa hakijabadilika, na zote zimeandikwa na watu waliorudi jioni hiyohiyo kwenye bafu lenye maji ya moto. Utulivu wa Wasini hauhitaji kulindwa kwa kiu.

Anayetaka kukaa zaidi ya mchana atapata pa kulala, Wasini au Mkwiro, kwa kuulizia Shimoni au kwa nahodha atakayemvusha. Aende na nguo za heshima, leso au kikoi, na asipige picha za watu kabla ya kuwasalimu na kuwaomba. Peremende za kuwagawia watoto, ambazo wageni hubeba mifuko kwa mifuko, aziache. Walimu na wazazi wamezichoka. Akienda kati ya Januari na Machi, kabla mvua haijanyesha, anunue pale Shimoni mtungi wa maji wa lita 20 na kuupeleka kwa mwenye nyumba atakayempokea. Nahodha ataulipisha nauli, na bei ipatanwe kabla haujapakiwa.