Pikipiki ya Shamba Ipimwe kwa Uzito wa Mpandaji

Ndugu wafanyakazi, katika mashamba ya chai ya majirani zetu, Kericho nchini Kenya na Fort Portal nchini Uganda, njia nyingi ni za udongo. Mvua ikinyesha huteleza, jua likiwaka hubaki makorongo. Huko kama kwetu, mara nyingi msimamizi au mpiga dawa hukabidhiwa pikipiki bila kuulizwa ana kilo ngapi.

Kosa huanzia hapo. Springi ya kiwandani imekusudiwa mtu wa uzito wa kadiri. Akipanda mwenye kilo 95, nyuma hubonyea mno, gurudumu la mbele huwa jepesi na kwenye kona hukosa kushika njia. Akipanda mwenye kilo 55, springi haibonyei vya kutosha, na kila jiwe humpiga mgongoni.

Kupima si kazi ngumu. Watakiwa watu watatu, futi na spana ya shokapu. Kwanza, inueni pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie. Pimeni kutoka ekseli kwenda juu mpaka alama kwenye madigadi. Pili, ishusheni. Mpandaji akae akiwa na kofia na viatu vya kazi, miguu yote juu ya vikanyagio, mwenzake akishika usukani. Pimeni tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi cha kubonyea. Kiwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu: kwa mwendo wa milimita 300, kama 100, kwa milimita 180, kama 60. Kikizidi, kazeni pete ya springi. Kikipungua, ilegezeni.

Tatu, mpandaji ashuke. Pikipiki peke yake ibonyee kidogo, milimita 30 hadi 40 kwa ile yenye mwendo wa 300. Ikiwa baada ya kukazwa haibonyei kabisa, springi hiyo ni laini mno kwa mtu huyo. Kukaza pete huinua pikipiki tu, hakuifanyi springi kuwa ngumu. Dawa yake ni springi nyingine.

Msisahau mzigo. Bomba la dawa la lita 15 likijaa huongeza zaidi ya kilo 15 mgongoni. Pimeni mkiwa nalo. Na pikipiki ikibadilisha mikono, ipimwe upya.

Je, springi mpya ilipiwe na nani? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Basi tusikatwe mshahara kwa ajili ya springi. Andikeni vipimo vyenu, mpelekeeni mwakilishi wa chama tawini, naye avifikishe kwa mwajiri. Springi hununuliwa dukani. Uti wa mgongo hauuzwi popote.