Siku ya posho tulitoka mu shimo, tukaenda kutafuta miche

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama munaotungoja ku nyumba, munajua vile inakuwa Nyunzu mvua ikianza. Maji yanaingia mu mashimo, kasiteriti inapungua, deni ya unga inapanda. Kila mwaka ni vile. Sisi wa sendika tukasema: mara hii hatutakaa tu na kulalamika. Siku ya posho iliyopita tulipanda kinga, watu kumi na wawili, wanaume na wamama, tukafuata njia ya kando ya reli kwenda kutembelea wale wanaouza mavuno na miche ku mashamba yao.

Posho! Wazee wetu waliofanya kazi mu kampani wakati wa Wabelgiji walipewa chakula kila juma: unga, maharagi, samaki. Leo sisi wa mashimo hakuna anayetupatia posho. Jina la siku ndilo lilibaki.

Pahali pa kwanza tulikuta kibanda mbele ya shamba: bidoni za mawese, kalanga, sombe, ndizi. Wamama wetu walipouliza bei, walinyamaza kwanza. Mawese yale yale tunayanunua karibu na shimo kwa bei kubwa sana, juu ya wachuuzi wanaopita katikati.

Mwenye shamba, mama mmoja wa makamo, alituonyesha mihogo yake. Majani yakijikunja na kuwa na madoadoa ya manjano, hiyo ni mozaiki. Inaletwa na vidudu vyeupe vidogo, lakini sisi pia tunaieneza tukikata vijiti vya kupanda ku mti mgonjwa. "Chagueni mti wenye afya," alisema, "hata kama jirani anakupa ule mwingine bure."

Kisha tulifika ku pepinieri ya mingazi. Miche ilikuwa imepangwa mu sashe nyeusi, mtu akiimwagilia maji. Mche unakaa pale karibu mwaka mzima mbele ya kupelekwa shambani. Tulijifunza juu ya tenera, mungazi uliotoka mu kazi ya watafiti wa Yangambi: ganda lake la ndani ni jembamba, nyama ya mafuta ni nyingi. Lakini usiokote mbegu chini yake ukapande. Miti haitafanana: mingine itarudi dura ya ganda nene, mingine itakuwa pisifera, ambayo mara nyingi haizai. Ndiyo maana tunanunua ku pepinieri.

Mu hekta moja inaingia mingazi 143, na metre 9 kati ya mti na mti. Nani kati yetu ana hekta? Lakini miti 10 inaomba karibu metre za mraba 700 tu.

Mwenzetu mmoja alikasirika: "Mungazi unangoja miaka mitatu ao mine. Mimi nina njaa leo!" Ana haki. Mwenye pepinieri akamujibu: miaka ya kwanza panda kalanga katikati ya miti, kisha miezi mitatu ao mine unavuna.

Neno moja tusilisahau: mbele ya kupanda, sikilizaneni na chefu wa kijiji na wenye udongo, Batwa na Bantu, mbele ya washuhuda. Mungazi unazaa zaidi ya miaka 20. Vita ya 2016 na 2017 ilitufukuza ku mashamba mengi. Hatutaki mti ulete fitina ingine.

Tulirudi jioni na miche mgongoni mwa kinga. Mche mmoja haukufika bei ya pombe tunayokunywa jioni moja. Yule aliyekasirika alinunua miwili. Binti yake ndiye anaimwagilia sasa, asubuhi na jioni.

Shimo siku moja litaisha, wandugu. Siku ile, mtoto asikute mikono yetu mitupu. Posho inayokuja tunarudi kule. Anayetaka, alete kinga yake.