Majani ya mpunga: tuhesabu kwanza, kiisha tuuzishe

Kiisha kupura mpunga hapa Ruzizi, wengi wetu tunachoma majani. Kwa hiyo mnunuzi akikuja na makuta, tunaona ni bahati. Tusikubali mbiyo.

Tani moja ya mpunga inaacha karibu tani moja ya majani. Kuyakusanya, kuyaanika, kuyafunga na kuyabeba mpaka barabarani kunaomba watu. Tuseme watu 6, kila mmoja 5.000 franka kwa siku: ni 30.000, na gari bado. Mnunuzi akitoa 25.000, ni sisi tumemulipa yeye! Tena potasiamu nyingi ya mpunga inabaki mu majani, si mu mbegu. Kila tani inayotoka inabeba zaidi ya kilo 10 za potasiamu. Mwenye ng'ombe akiyataka, tumuombe aongeze samadi juu ya bei.

Kama hesabu inakubali, tufunge vizuri. Fundi atutengenezee sanduku la mbao lisilo na chini wala kifuniko: tunatandika kamba, tunajaza majani makavu, tunakanyaga kwa miguu, tunafunga. Majani yakiwa na maji yataoza. Yasipokanyagwa, yanajaza gari upesi na tunalipa safari ya upepo.

Makapi ni hesabu ingine. Kilo 100 za mpunga zinatoa karibu kilo 20, na mashini imekwisha kuyakusanya fasi moja. Tunalipa mifuko na usafiri tu. Wachoma matofali na wafuga kuku tuwaonyeshe hayo kwanza.