Saa ya Kigoma na Jua la Kigoma

Mtu wa Unguja anayefunga safari hadi Ujiji katika mwezi wa Ramadhani hupata somo lake la kwanza jioni ya siku ile ile. Akisikia redioni adhana ya Magharibi ya kwao na kunyosha mkono kwenye tende, wenyeji watamzuia, kwa maana jua bado li juu ya maji ya Ziwa Tanganyika, na litakaa huko muda wa dakika 38 hivi. Alfajiri yake mambo ni yale yale. Unguja watu wamekwisha kuliona jua, Ujiji bado wanatafutana gizani. Na hali saa za mkononi za pande zote mbili zasoma sawasawa.

Tofauti hii haimhusu mfungaji peke yake. Yamhusu pia kijana aliyeko chuoni Kigoma, ambaye matokeo ya mitihani yake hupimwa kwa kipimo kimoja na ya mwenzake wa Dar es Salaam. Mkoa ule, uliokuwa mwisho wa reli tangu mwaka 1914, sasa unakuwa mahali pa elimu ya juu: Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi yake huko, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake. Basi yafaa wapangaji wa ratiba walitazame jambo hili mapema, kabla mazoea hayajageuka kuwa sheria.

Saa ya Tanzania imefungwa kwenye mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haugusi nchi yetu hata kidogo; wapita karibu na Mogadishu na kisiwa cha Mayotte. Dunia hutumia dakika nne kuuvuka kila uzi mmoja. Unguja na Dar es Salaam, zilizo kwenye nyuzi 39 na kitu, zimeachwa nyuma na saa ya serikali kwa dakika 23 tu, nazo hazisumbui mtu. Kigoma iko kwenye nyuzi 29 na nusu, na huko upungufu umefika saa nzima na dakika mbili. Kwa maneno mengine, mtu wa Kigoma anaishi kwa jua la Ujiji lakini anaamshwa kwa jua la Mogadishu.

Lugha yetu wenyewe yatoa ushahidi. Mswahili alipoiita saa moja, alikusudia kuwa jua limekwisha kutembea saa moja tangu kuchomoza. Kigoma, saa ya ukutani isomapo saa 1 asubuhi, jua ndilo kwanza linachungulia juu ya vilima. Katika Februari na Julai hata bado halijachomoza. Ni karibu na Novemba tu ambapo hutangulia hadi kiasi cha saa 12:35. Hivyo chuo kinachoandika kipindi cha kwanza saa 1 kamili, kama ilivyo desturi ya vyuo kadha wa kadha nchini, kinamwita mwanafunzi wa Kigoma darasani saa 12 ya wazee wetu. Kama analala Ujiji na chuo kiko Kigoma mjini, hana budi kuwa macho saa 11, usiku ukiwa usiku kweli.

Atasemwa: na alale mapema. Lakini jua linalochelewa asubuhi huchelewa na jioni. Februari huzama Kigoma yapata saa 1:25 usiku, Isha ikafuata baada ya saa 2, chakula kikaiva baadaye, na ndipo vitabu vifunguliwe. Kwa wale wa Kibirizi na Katonga, ambao nyumba zao zinakula kwa dagaa, yako pia masiku ya giza la mwezi, pale mitumbwi inapoingia ziwani na taa zake na kurudi alfajiri, na kila mwenye mikono huhitajika mwaloni. Mwili hupokea amri ya kulala kutoka kwenye giza, haupokei kutoka kwenye tangazo la ofisi. Kwa vijana amri hiyo hufika kwa kuchelewa zaidi kuliko kwa watu wazima. Hilo ni jambo la maumbile, na wataalamu hawabishani tena juu yake.

Hasara yake imepimwa. Nchini Singapore, utafiti uliotolewa mwaka 2023 juu ya maelfu ya wanafunzi wa chuo kikuu ulionyesha kuwa mahudhurio ya vipindi vya saa 2 asubuhi yalipungua kwa kiasi cha watu kumi katika kila mia, na waliokuwa na asubuhi nyingi za namna hiyo walipata alama za chini. Katika chuo cha jeshi la anga la Marekani, ambako mwanafunzi hachagui ratiba, ilionekana mwaka 2011 kuwa waliopangiwa kipindi kabla ya saa 2 walishuka hata katika masomo yaliyofuata siku hiyo. Lakini mfano ulio karibu zaidi na wetu ni wa India, nchi pana yenye saa moja. Mwanauchumi Maulik Jagnani alikuta kwamba pale jua linapochelewa kuzama kwa saa nzima, watoto hupungukiwa usingizi wa kama nusu saa, na elimu wanayoipata hupungua kwa karibu mwaka mmoja. Wanaoumia zaidi ni watoto wa maskini.

Ng'ambo ya ziwa letu, Kalemie na Bujumbura zinatumia saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja, na jua lao na saa yao havigombani. Kongo imekata nchi yake sehemu mbili za saa. Hatushauri Tanzania ifanye hivyo. Treni, benki na taarifa ya habari vina haja ya saa moja. Mitihani ya taifa nayo sharti ianze dakika moja nchi nzima, la sivyo maswali yatavuja kutoka mashariki kwenda magharibi.

Lakini mtihani ni siku chache za mwaka, na kipindi ni cha kila siku. Hakuna kinachomzuia mkuu wa chuo Kigoma kuanza masomo saa 2:30, wala kinachomzuia Afisa Elimu kuruhusu jambo hilo kwa shule zake. Na kabla ya kuamua, daftari za mahudhurio zimo kabatini: alinganishe waliofika kipindi cha kwanza na waliofika cha saa 4, na alama za masomo hayo mawili. Kazi hiyo haihitaji mfadhili.

Wanaohofu kuwa wanafunzi watatoka gizani na waitazame kalenda. Kipindi cha mwisho kikisogezwa hadi saa 12 jioni, jua la Kigoma wakati huo bado lina karibu saa nzima kabla ya kuzama, na katika Februari lina saa na robo au zaidi.