POTWE WA KILINDONI: MALI YA KUANGALIWA, SI YA KUSHIKWA

Karafuu zikisha kuanikwa na majamvi kukunjwa, si vibaya mtu kuupumzisha mwili. Mara hii tulikuwa Kilangala, mkoa wa Lindi, kuwaamkia jamaa, na huko tukakata shauri kurejea kwa njia ya Mafia tukamwone potwe. Tulipanda gari kwenda kaskazini hata Nyamisati, na hapo tukashika chombo cha Kilindoni.

Wengi humdhania potwe kuwa ni nyangumi. Sivyo. Ni papa, hupumua majini kwa matamvua, tena hakuna samaki duniani anayempita kwa ukubwa. Wanaoonekana Kilindoni wengi wao ni madume machanga ya mita sita au saba. Watu wazima huweza kupita mita kumi na mbili. Mgongo wake una madoa meupe, ndiyo maana wengine humwita papa shilingi. Hali watu. Hufunua kinywa, akayachuja maji na kubakiza uduvi na vijidudu vidogo vidogo. Toka Oktoba hata Machi chakula hicho huwa karibu na pwani, naye hukifuata.

Tuliingia majini na miwani na mpira wa kupumulia. Akatupita taratibu, mkia ukienda huku na huku, wala hakutujali. Subhanallah! Mtu hujiona mdogo kama konyo la karafuu.

Lakini furaha hii ina adabu zake. Nahodha apunguze mashine mapema, wala asimkatie samaki njia. Muogeleaji akae mbali mita tatu au zaidi, ajihadhari na mkia, asimguse wala asimpande. Mashua zikimzonga, huzama chini akaacha kula, na wageni nao hurudi bila kumwona. Wavuvi wa dagaa nao humzingira pengine kwa bahati mbaya, maana wote wawili hufuata neema moja. Mvuvi mwema huushusha wavu upande mmoja akampisha atoke salama.

Kwa nini tuwaeleze haya wakulima wa karafuu? Kwa kuwa jambo hili twalijua. Mkarafuu hungojewa miaka sita, hata minane, ndipo uzae. Na mchumaji mwenye pupa avunjaye tawi apate pishi moja leo, huinyima nyumba yake pishi nyingi za kesho. Potwe hungojewa zaidi: yakadiriwa hupita miaka ishirini na mitano kabla hajazaa. Akiuawa mmoja, hakuna mche wa kupanda badala yake. Akiwa hai, nahodha hulipwa leo, na mwakani hulipwa tena kwa samaki yule yule.

Mwaka 2016 wataalamu wa dunia walimtia katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo toka mwaka 1995, lakini malisho yake ya Kilindoni yako nje ya mipaka yake. Basi ulinzi wake hapo wategemea sana manahodha na wavuvi wenyewe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Potwe naye ana daftari lake. Madoa ya kila mmoja ni mbali na ya mwenziwe, kama alama za vidole. Watafiti humpiga picha ubavuni, wakazilinganisha picha kwa hesabu iliyoazimwa kwa wataalamu wa nyota. Hivyo hujulikana nani amerudi na nani hakuonekana.

Wanachama wenye vijana katika mashua za wageni twawaomba wawafikishie maneno haya. Na mwanachama atakayekwenda kutembea Mafia amchague nahodha mwenye adabu, ijapokuwa nauli yake imezidi kidogo. Tawi lisilovunjwa ndilo lizaalo tena.