Kichwa cha Dizeli na Treni ya Mizigo

Leo tutajifunza habari za kichwa kinachovuta treni ya mizigo.

Ninyi wa Munanila mnakaa mlimani, na reli haipiti kwenu. Lakini mkishuka Uvinza au Kigoma mtaiona. Hiyo ni Reli ya Kati. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914.

Zamani treni zilivutwa na kichwa cha moshi. Kichwa hicho kilitaka kuni au makaa, na maji mengi njiani. Kuchemsha maji yake kulichukua saa nyingi. Kichwa cha dizeli hakina kazi hiyo. Tena huenda mbele na nyuma bila kugeuzwa. Kwa hiyo kinafaa kwa treni inayosimama stesheni kwa stesheni, ikiacha behewa hapa na kuchukua behewa pale.

Je, injini ya dizeli ndiyo inayozungusha magurudumu? La, katika vichwa vingi si hivyo. Injini huzungusha jenereta. Jenereta hutoa umeme. Umeme huendesha mota zilizo chini, na mota ndizo zinazozungusha magurudumu.

Sasa sikilizeni vizuri. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi. Ndiyo sababu kichwa huchukua mchanga. Penye mlima dereva huumwaga juu ya reli, gurudumu lipate kushika. Na mabehewa yaliyojaa ni mazito mno. Dereva akifunga breki, treni haisimami pale pale. Uzito wake huisukuma mbali.

Mwaka 2002, karibu na Igandu, mkoa wa Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni bila breki kuishika, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Basi, ndugu, ukifika relini na baiskeli yako na gunia la maharage, simama. Tazama kushoto na kulia. Sikiliza. Usiseme, "Dereva ataniona." Atakuona, lakini hataweza kusimama.

Maswali:
1. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka gani?
2. Mota hupata umeme kutoka wapi?
3. Mchanga una kazi gani?
4. Kwa nini treni ya mizigo haisimami upesi?

Andikeni majibu, kisha msomeane.