Kwodi ya michezo: Ya njia za vichakani au ya kuruka matuta?

WANUNUZI wengi wa pikipiki za magurudumu manne, maarufu kama kwodi, huingia dukani na swali moja tu: ipi ina injini kubwa zaidi? Kwa anayetaka kukimbia katika njia za vichakani na kuruka matuta ya udongo, swali hilo ndilo la mwisho kuulizwa, na kulitanguliza kumewagharimu watu mbavu, uti wa mgongo na hata uhai.

Nchini Marekani, ambako mchezo huu ulikomaa, ajali za vyombo vya aina hii huua mamia ya watu kila mwaka. Si ajabu basi kwamba wauzaji waangalifu huanza kwa kumuuliza mteja uzito wake, umri wake na mahali anapokusudia kuendesha, kabla hawajamwonyesha hata chombo kimoja.

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Hawakuwa wamewahi kuona chombo cha karibu kilo 190 kikipaa mita mbili juu ya ardhi na mtu akiwa juu yake.

Jambo la kwanza ni kutenganisha kwodi ya kazi na kwodi ya michezo. Ile ya kazi, ambayo huonekana mashambani na katika hoteli za kitalii, ina vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma, huendeshwa bila kubadilisha gia kwa mguu, na mara nyingi magurudumu yote manne huvuta. Ni nzito na ndefu kwenda juu. Kuirusha juu ya tuta ni kuitafuta hospitali.

Kwodi ya michezo ni nyepesi, ya chini, na haina pa kubebea chochote. Nguvu hupelekwa nyuma kwa mnyororo, kama katika pikipiki ya bodaboda, na magurudumu mawili ya nyuma hushikamana na ekseli moja ngumu. Kwa sababu hiyo magurudumu hayo huzunguka kwa kasi sawa hata kwenye kona, na chombo hukataa kupinda iwapo mpandaji amekaa tu kama yuko kwenye kiti cha matatu. Ni lazima auhamishe mwili wake kuelekea upande wa ndani wa kona. Kiti cha kwodi ya michezo ni kirefu kwa ajili ya mpandaji kusogea mbele na nyuma, wala si kwa ajili ya kupakia abiria.

Petroli nayo huongezwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, si kwa kuzungusha kishikio. Waliozoea pikipiki za kawaida huchukua muda kulizoea jambo hili, na safari ndefu za mwanzo huwaachia maumivu ya kidole.

Chimbuko la vyombo hivi lilikuwa na magurudumu matatu. Honda iliuza chombo cha namna hiyo nchini Marekani kuanzia mwaka 1970, na watu wakakipenda mno, lakini kilipinduka kwa urahisi kwenye kona na miteremko. Ajali zilizidi hadi mwaka 1988, watengenezaji walipokubaliana na serikali mbele ya mahakama kuacha kuuza vipya. Wakati huo Suzuki ilikuwa imeshaleta magurudumu manne, na mnamo 1985 ikatoa LT250R, iliyoundwa kwa mashindano. Honda ilijibu kwa TRX250R mwaka 1986, nayo Yamaha ikaleta Banshee ya silinda mbili mwaka 1987.

Zote tatu zilikuwa na injini za mipigo miwili, zinazochoma petroli iliyochanganywa na oili, mfano wa msumeno wa kukatia miti. Zilikuwa nyepesi na zenye hasira. Zilizosalia leo husakwa na wakusanyaji kwa bei za juu, na kwa anayeanza hazifai: nguvu yake huja ghafla, wakati mtu hajajiandaa.

Miaka ya 2000 ndiyo iliyokuwa enzi ya neema. Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki, Can-Am na hata KTM zilishindana kutoa kwodi za 450cc zilizokuwa tayari kwa mashindano. Kisha uchumi ukayumba mwaka 2008, wanunuzi wakapungua, na mashine hizo zikaondolewa moja baada ya nyingine. Suzuki LT-R450, Kawasaki KFX450R na Honda TRX450R sasa hupatikana zikiwa zimetumika tu. Katika miaka ya hivi karibuni, anayetaka kwodi mpya ya watu wazima kutoka Japani kwa shughuli hii amekuwa akibaki na chaguo kuu mbili, zote za Yamaha: YFZ450R na Raptor 700R.

Hapa ndipo mtego wa injini unapomnasa mnunuzi. Raptor ina 686cc na YFZ ina 449cc tu, hivyo mgeni hudhani kwamba ya kwanza ndiyo kali zaidi. La hasha. YFZ ni mashine ya mashindano ya kuruka. Injini yake huzunguka kwa kasi kubwa, na utamu wake huanza pale injini inapolia. Raptor huvuta kwa nguvu tangu chini, kama trekta lenye adabu, na hupanda mlima wenye mawe bila ya mpandaji kubadilisha gia kila mara.

Tofauti iliyo muhimu zaidi ni upana. YFZ ina upana wa takriban sentimita 124 ilhali Raptor ina takriban 117. Sentimita saba ni kitu kidogo kwenye karatasi. Lakini chombo kipana hutulia kinapotua kutoka hewani na hakipinduki upesi kwenye kona, na chombo chembamba hupita kati ya miti miwili pale ambapo kile kipana kingeacha gurudumu. Yamaha yenyewe iliukiri ukweli huu ilipotoa YFZ450X mwaka 2010, ambayo ilikuwa mashine ileile iliyopunguzwa upana kwa ajili ya misitu. Isitoshe, njia nyingi za misitu ya serikali nchini Marekani huruhusu vyombo visivyozidi inchi 50, yaani sentimita 127, na baadhi ya wapandaji hujikuta nje ya sheria baada ya kurefusha ekseli.

Halafu kuna gia ya kurudi nyuma. Raptor inayo, YFZ haina. Katika uwanja wa mashindano hakuna anayeihitaji. Lakini kwenye njia nyembamba ya mlimani, mbele kukiwa na mti ulioanguka na kando bonde, mwenye YFZ hulazimika kushuka na kuivuta kwa mikono mashine ya kilo 184.

Kuhusu shokomzoba, YFZ ina mwendo wa takriban sentimita 25 mbele na 28 nyuma, na Raptor 23 na 26. Pengo si kubwa, ila namna zilivyopangwa ndiyo hutofautiana. Shokomzoba za YFZ ni ngumu, zimetegwa kupokea kishindo cha kutua. Katika njia ya mawe madogomadogo, ugumu huo humchosha mpandaji mikono kabla ya saa moja kwisha.

Hata hivyo, shokomzoba za mashine hizi zinaweza kurekebishwa, na ni ajabu jinsi wamiliki wengi wasivyowahi kuzigusa. Kanuni ni kwamba mpandaji akikaa na mavazi yake yote, kwodi izame takriban thuluthi ya mwendo wake. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 100 hawawezi kutumia mpangilio mmoja. Shokomzoba inayorudi juu upesi mno baada ya kubanwa na tuta huinua sehemu ya nyuma kwa ghafla, na mpandaji hurushwa kichwa mbele. Ajali nyingi ambazo hulaumiwa tuta au mpandaji huwa zimeanzia kwenye skrubu ndogo ambayo hakuna aliyeizungusha.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna mengine mawili. Kwanza ni hewa. Injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda juu ya usawa wa bahari. Mashine iliyotamba Malindi hufika Eldoret, penye mita 2,100 hivi, ikiwa imepungukiwa na karibu moja kwa tano ya nguvu. Kwodi ya zamani yenye kabureta huko huchoma petroli nyingi kupita hewa iliyopo, ikakohoa na kutoa moshi mweusi hadi fundi abadilishe vijitundu vya kupitishia petroli. Zenye mfumo wa kunyunyizia petroli kwa kompyuta, kama YFZ450R na Raptor 700R, hujirekebisha zenyewe, ingawa haziwezi kuumba hewa isiyokuwepo.

Pili ni vumbi. Vali za titani katika injini za YFZ ni nyepesi lakini huliwa haraka na vumbi laini likipenya kichujio cha hewa. Kichujio hicho ni cha sponji, na katika barabara za murramu hustahili kuoshwa na kupakwa oili yake baada ya kila siku ya kuendesha. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Kukarabati kichwa cha injini ni hesabu nyingine kabisa.

Bei ya mashine hizi zikiwa mpya Marekani hukaribia dola 10,000, kabla ya usafiri na ushuru. Wengi basi hugeukia zilizotumika, na hapo jina moja hupewa heshima na mafundi: Honda TRX400EX, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999. Haina mbwembwe. Injini yake hupozwa kwa hewa, haina radieta ya kutobolewa na jiwe, na matoleo ya kuanzia 2005 yana gia ya kurudi nyuma. Hurukia matuta ya wastani bila kulalama. Kwa mtu anayejifunza, hiyo ni bora kuliko 450cc iliyochoshwa na mashindano.

Anayekagua iliyotumika aangalie fremu pale mikono ya magurudumu ya mbele inaposhikana nayo. Rangi iliyopasuka au welding mpya hapo ni ushahidi wa kutua vibaya. Kisha ainue sehemu ya nyuma na kuyatikisa magurudumu. Yakicheza, bearingi za ekseli zimekwisha. Tairi zijazwe upepo wa pauni 4 au 5 tu, kiasi kinachowashangaza wenye magari, kwani upepo mwingi huifanya kwodi idunde kama mpira.

Watoto ni suala tofauti. Watengenezaji huelekeza kuwa mashine za watu wazima ni za walio na umri wa miaka 16 na zaidi, na mzazi anayemnunulia mwanawe wa miaka 12 kwodi ya 450cc ili "aikulie" amemkabidhi kitu kizito mara nne au tano kuliko yeye.

Kuhusu kuruka kwenyewe, mpandaji husimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa, na huiacha petroli iwe thabiti hadi magurudumu yaondoke ardhini. Akiachia petroli ghafla kileleni, pua ya kwodi hushuka. Ikiwa tayari hewani na pua imeinuka mno, kugusa breki ya nyuma kidogo huishusha. Ikiwa imeinama, kuongeza petroli huiinua, kwa kuwa mabadiliko ya kasi ya magurudumu hukizungusha chombo kizima.

Tuta la kujifunzia huwa bapa juu, mfano wa meza. Anayekosa kasi huangukia sehemu bapa, akatikisika na kujaribu tena. Matuta mawili yenye pengo katikati huachwa hadi baadaye, kwa maana anayekosa kasi hapo hugonga uso wa tuta la pili, na kilo zote zile humfuata kutoka nyuma.